Skii pana na goti la mpwa wangu



Safu hii imezoea kujibu maswali ya wengine. Juma hili imebidi nijibu langu mwenyewe, kwa kuwa nilitoa ushauri katika jambo nisilokuwa na ujuzi nalo, ushauri ukafuatwa, na aliyeulipia ni mtoto wa miaka 13.

Mdogo wangu wa kike anaishi Oslo, nchini Norwei, pamoja na mumewe na watoto wao wawili. Huko theluji ikishaanguka watoto hawafungiwi ndani. Shule huwapeleka mlimani, na siku za mapumziko familia nzima hupanda treni zikiwa zimebeba skii mabegani kana kwamba zinatoka kukata kuni. Kwa msomaji ambaye hajapata kuziona, skii ni jozi ya mbao ndefu zilizopinda ncha kwenda juu, ambazo mtu huzifunga chini ya mabuti magumu ili ateleze juu ya theluji. Nasema mbao kwa mazoea tu. Siku hizi moyo wake ndio mti. Juu na chini ya moyo huo hugandishwa tabaka za nyuzi za kioo, pengine na bamba la madini, kisha plastiki laini upande unaogusa theluji. Kandokando, kutoka mbele hadi nyuma, hupita ukanda mwembamba wa chuma uliochongwa pembe kali. Ukanda huo, msomaji, uuweke akilini, maana ndiko kisa chote kiliko.

Mwaka jana mdogo wangu alinipigia simu akiwa kwenye mnada wa vitu vya mitumba. "Kaka," akasema, "nimepata jozi mbili kwa bei nafuu. Moja nyembamba na fupi, nyingine pana na ndefu, ilikuwa ya mtu mzima. Wewe ni mtoto wa seremala. Nimchukulie binti yako ipi?"

Nilikuwa nimeketi barazani hapa Tanga, kahawa mkononi, na jawabu likanijia upesi mno. Nikamwambia achukue pana. Kigoda chenye kitako kipana hakipinduki, nikamweleza, na mtumbwi mwembamba ndio unaomwaga watu. Kuhusu urefu nikasema mtoto anakua. Mbona sare ya shule tunanunua kubwa ili aje kuijaza? Akanishukuru, akalipa, akaenda zake.

Siku chache baadaye mtoto aliteleza nazo kwenye kilima kilicho pembezoni mwa mji. Mchana theluji ilikuwa imeyeyuka kidogo, usiku ikaganda, na asubuhi ile njia ilikuwa ngumu, inang'aa kama sakafu ya marumaru. Alitaka kukata kona, skii hazikukata. Zikaendelea kwenda mbele na pembeni kwa pamoja. Akakaza mguu kuzilazimisha, ukingo wa ndani wa skii moja ukauma theluji ghafla akiwa hakutarajia, na goti likasokoteka kuelekea ndani. Alhamdulillahi, vifungio vya buti vilikuwa vimekwisha kupimwa na fundi kwa uzito wake yeye, si wa yule mtu mzima, vikaachia kama inavyotakiwa. Daktari alikuta kano ya upande wa ndani wa goti imevutika, haikukatika. Wiki kadhaa za kuchechemea.

"Shikamoo mjomba," aliniambia kwenye simu jioni ile.

"Marahaba mwanangu. Goti linaendeleaje?"

"Linainama, mjomba, lakini si lote. Mwalimu wa skii ameuliza nani amenivalisha skii za babangu."

Sikuwa na la kumjibu. Nikamwomba anipigie picha ya skii zile, juu na chini. Katika picha ile niliona jambo ambalo lau ningeliuliza mapema, nisingefungua kinywa. Karibu na mkia palikuwa na maandishi madogo: 132–98–120. Kando yake: R 19. Na kando yake tena: 172. Nilikaa na namba hizo majuma kadhaa, nikasoma, nikauliza wanaojua, na hata nikakata maboksi ya biskuti. Haya ndiyo niliyoyaokota.

Namba tatu za kwanza ni upana kwa milimita katika sehemu tatu: mbele penye kifua cha skii, katikati chini ya buti, na nyuma karibu na mkia. Tazama vizuri: skii si ubao ulionyooka. Ni pana mbele, hujibana katikati, kisha hutanuka tena nyuma. Ina kiuno. Mimi nilipoambiwa "pana" nilidhani ni upana mmoja, kumbe upana wa katikati ni habari moja na kina cha kiuno ni habari nyingine, na kila moja hufanya kazi yake.

Nianze na kiuno, kwa sababu ndicho kinachonistaajabisha zaidi. Msomaji mwenye watoto nyumbani afanye nao jambo hili. Kata kipande cha karatasi ngumu ya boksi, urefu wa sentimita 30, upana wa sentimita 8 kwenye ncha zote mbili na sentimita 5 katikati, kingo zake zikiwa tao la taratibu, si kona kali. Kata kingine cha urefu uleule kisicho na kiuno. Kisimamishe kile cha kwanza juu ya meza kwa ubavu, kikiwa kimelala kidogo. Utaona kinagusa meza kwa ncha mbili tu, na katikati kuna mwanya. Sasa kibonyeze katikati kwa kidole hadi mwanya ufungike. Kipande chote kitapinda, na mstari unaogusa meza utakuwa tao, sehemu ya duara. Jaribu na kile kilichonyooka: kinagusa meza kote tangu mwanzo, hakina sababu ya kupinda, na mstari wake ni mstari tu.

Hiyo ndiyo siri ya skii kukata kona. Mtelezaji hazungushi mguu kama anayegeuza usukani wa gari. Hulaza skii ubavuni, uzito wake hubonyeza kiuno mpaka kikaigusa theluji, skii ikapinda kama upinde, na ukanda wa chuma ukafuata tao hilo kama gurudumu linavyofuata reli. Kadiri kiuno kilivyo chembamba kulinganisha na ncha, ndivyo tao linavyokuwa fupi na kona inavyokuwa kali.

Ile R 19 ndiyo kipimo cha tao hilo. Ni nusu kipenyo cha duara, kwa mita, ambalo ubavu wa skii ungelichora iwapo ungeendelezwa. Hesabu yake haimshindi mwanafunzi wa sekondari. Jumlisha upana wa mbele na wa nyuma, toa upana wa katikati mara mbili, gawa kwa nne. Hicho ndicho kina cha kiuno. Kwa skii za mpwa wangu ni milimita 14. Kisha chukua urefu wa sehemu inayogusa theluji, tuseme mita 1.45, uzidishe kwa wenyewe, ugawe kwa mara nane ya kina hicho kikiwa katika mita. Jawabu langu lilikuwa karibu mita 19, sawa na walivyoandika. Nilifurahi kama mtoto, ingawa furaha yenyewe ilikuwa ya kuthibitisha kosa langu.

Mita 19 hizo si za kudumu. Skii ikilazwa zaidi, hupinda zaidi, na kona hufupika. Ikilazwa nyuzi 45 nusu kipenyo hupungua hadi kama mita 13. Nyuzi 60, hadi nusu yake, mita tisa na nusu. Lakini ni nani awezaye kulaza skii nyuzi 60? Mwanamashindano, mwenye kasi kubwa inayomshikilia asianguke anapolala. Mtoto anayejifunza hulaza nyuzi chache tu, na kwa nyuzi hizo chache skii ya R 19 humpa kona ndefu kuliko upana wa njia anayoteremka. Skii za watoto na za wanaoanza hutengenezwa na R ndogo, mara nyingi chini ya mita 13, ili ulalo mdogo utoshe.

Umbo hili la kiuno halikuzaliwa jana. Katika karne ya 19, katika kijiji cha Morgedal mkoani Telemark huko huko Norwei, aliishi Sondre Norheim, mkulima maskini aliyezaliwa mwaka 1825, ambaye anatajwa kuwa baba wa mchezo huu wa kisasa. Skii zake zilikuwa na kiuno, na alipokwenda kushindana mji mkuu mwaka 1868 watu wa mjini walishangaa kuona mtu anageuka na kusimama apendavyo. Hata hivyo kwa zaidi ya miaka mia moja mafundi waliogopa kuzidisha kiuno. Skii za miaka ya 1970 na 1980 zilikuwa ndefu kupita kimo cha mtu, mita mbili na zaidi, zenye viuno vya milimita chache, na nusu kipenyo chake kilifika mita 40 au 50. Kuzigeuza kulidai nguvu na mazoezi ya miaka.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 wahandisi wa kiwanda cha Elan, nchini Slovenia, wakiongozwa na Jurij Franko, walithubutu kuchimba kiuno kwa kina ambacho wengi walikiona ni mzaha. Waliiita SCX. Wanamashindano waliozijaribu walianza kushinda, na katika muda wa miaka michache viwanda vyote vikafuata. Skii zikafupika kwa sentimita 30 na zaidi, kwa kuwa skii yenye kiuno kikubwa haihitaji urefu ule wa zamani ili ishike theluji. Watu wa makamo waliokuwa wamekata tamaa wakarudi mlimani.

Nilipofika hapo nikadhani nimepata kanuni: kiuno kikubwa ni kheri. Nikakosea tena. Skii yenye kiuno kikubwa hugeuka hata pale usipotaka. Ukiwa katika kasi kubwa, ukailaza kwa bahati mbaya, hushika theluji na kukuvuta kuelekea inakotaka yenyewe. Jambo hilo liliwaumiza magoti wanamashindano wengi, hata Shirikisho la Kimataifa la Skii likaingilia kati. Msimu wa 2012/13 liliamuru skii za wanaume za mchezo wa kona kubwa, uitwao slalomu kubwa, ziwe na nusu kipenyo kisichopungua mita 35, zaidi ya ilivyokuwa. Wanamichezo walilalamika, akiwamo bingwa wa Marekani Ted Ligety, aliyesema mchezo unarudishwa nyuma. Kisha yeye mwenyewe akatawala mashindano ya msimu ule kwa skii hizo hizo. Baadaye, kuanzia msimu wa 2017/18, kipimo kilishushwa hadi mita 30. Kwa mbio za kuteremka moja kwa moja, ambako mtu huzidi kilomita 100 kwa saa, kanuni inadai mita 50. Katika slalomu ya kona fupi, skii ya mwanamume huwa na urefu wa sentimita 165 hivi na ya mwanamke 155, na hujipinda upesi ajabu. Basi skii ya bingwa mmoja haimfai bingwa huyo huyo katika mbio za siku inayofuata.

Afrika Mashariki tuna watu wawili waliolionyesha jambo hilo mbele ya ulimwengu, ingawa wachache kwetu tuliwatazama miguuni. Philip Boit wa Kenya, mwanariadha wa mbio za kawaida aliyegeukia skii, alikwenda Nagano, Japani, kwenye Olimpiki ya majira ya baridi ya 1998. Alishiriki mbio za kilomita 10, akamaliza wa mwisho, na bingwa Bjørn Dæhlie wa Norwei akamsubiri kwenye mstari wa kumalizia kwa muda wa dakika 20 hivi ili amkumbatie. Boit alimwita mwanawe jina la bingwa yule. Skii alizovaa zilikuwa za kutembelea na kupanda, si za kuporomokea mlima: upana wake kama milimita 44, kiuno karibu hakuna, kwa sababu hupita katika mifereji miwili iliyonyooka, na kila gramu ya uzito ni mzigo kwa anayekimbia. Miaka 20 baadaye, PyeongChang 2018, Sabrina Simader, aliyezaliwa Kilifi na kukulia Austria, aliiwakilisha Kenya katika slalomu kubwa. Yeye alisimama juu ya skii za kanuni ya wanawake, urefu wa sentimita 188 hivi na nusu kipenyo cha mita 30. Bendera moja, theluji moja, na vifaa ambavyo wasingeweza kubadilishana hata kwa dakika moja.

Sasa turudi kwenye upana wa katikati, ile 98, ambako ndiko nilikomwangusha mtoto.

Upana una kazi yake tukufu, na sipendi msomaji aondoke akidhani nauponda. Theluji iliyoanguka usiku, kabla haijashindiliwa na mashine, ni laini kama unga. Mtu mzima wa kilo 80 akisimama juu yake kwa viatu, uzito wake unabebwa na kama sentimita 600 za mraba. Huzama hadi mapajani. Akivaa skii za urefu wa sentimita 170 na upana wa wastani wa sentimita 7, uzito ule ule unasambaa juu ya sentimita za mraba 2,380. Upana ukiwa sentimita 10 na nusu, ni 3,570. Hii ndiyo hekima ya unyayo wa ngamia, na ndiyo inayomfanya dereva atoe upepo katika matairi anapoingia mchangani. Skii pana huelea. Nyembamba huchimba, na pua yake ikizama mwenyewe huruka mbele kama aliyejikwaa.

Karibu na mwaka 1990 kampuni ya Atomic ya Austria ilitoa skii pana mno kwa theluji ya namna hiyo, na wajuaji wa wakati ule wakazicheka, wakisema ni za wazee wasiojua mchezo. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Shane McConkey akaenda mbali zaidi. Yeye aliona kwamba theluji laini inafanana na maji kuliko ardhi, na akauliza kwa nini skii zisifanane na zile za kutelezea majini. Skii iliyotokana na wazo lake, Spatula, ilipindua kila kanuni: katikati ndiko kulikotanuka badala ya kubana, na ncha zote mbili zilipinda juu kama pua ya ngalawa. Juu ya barafu ilikuwa balaa. Katika theluji nzito ilikwenda kama upepo. Leo, karibu kila skii pana ina kitu kilichorithiwa hapo, yaani ncha inayoanza kuinuka mapema. Hata zile za mpwa wangu zilikuwa hivyo, na ndiyo maana kati ya sentimita 172 zake, ni kama 145 tu zilizogusa theluji.

Lakini yeye hakuwa katika theluji laini. Alikuwa juu ya ile sakafu ya marumaru, na hapo hesabu inageuka kabisa. Juu ya theluji ngumu skii iliyolazwa haibebwi na tumbo lake. Inabebwa na ukanda ule wa chuma peke yake, upande mmoja. Soli ya buti la skii ina upana unaokaribia milimita 70. Skii ikiwa na upana wa milimita 70 chini ya buti, ukingo uko chini ya ukingo wa soli, milimita 35 kutoka katikati ya mguu. Ikiwa 98, ukingo uko milimita 49 kutoka katikati; umechomoza nje ya buti kwa milimita 14. Watu wa ufundi watanielewa haraka: hiyo ni nyenzo, kama mpini wa spana. Nguvu ya theluji inasukuma ukingo, ukingo uko mbali na mguu, na skii inataka kurudi kulala chali. Mwenye kuizuia isirudi ni kifundo cha mguu, na kwa kuwa buti la skii limekifunga kifundo kama zege, kazi inapanda hadi gotini. Milimita 49 kwa 35 ni ongezeko la asilimia 40 katika urefu wa mpini huo, juu ya goti la mtoto wa kilo 45.

Katika theluji laini nyenzo hiyo karibu hutoweka, kwa kuwa skii huzama kidogo na theluji huibeba kwa upana wake wote. Ndiyo sababu mtu yule yule, kwa skii zile zile, atakwambia asubuhi ya theluji mpya kwamba ni za raha, na adhuhuri juu ya barafu azilaani. Wala si nguvu tu. Ni muda pia. Kutoka ukingo wa kushoto hadi wa kulia, skii pana ina safari ndefu zaidi ya kupinduka, na mtoto aliyekwisha kuamua kugeuka hugundua kwamba skii bado inafikiri.

Basi mfano wangu wa kigoda uliharibikia wapi? Kigoda kimesimama. Kitako kipana humsaidia asiyetaka kwenda popote. Skii kazi yake ni kulala ubavu, na anayetaka kulala ubavu kitako kipana kinamzuia. Marehemu baba angenicheka. Yeye hakupata kunipa randa pana ya kusawazishia ubao mpana nitumie kuchonga mfereji mwembamba.

Na ile 172 sihitaji kuieleza kwa urefu. Mpwa wangu ana kimo cha sentimita 155. Anayejifunza hupewa skii inayofika kati ya kidevu na pua, akisimama nayo. Zile zilimzidi kichwa. Sare kubwa hukunjwa pindo, skii haikunjwi.

Kuna jingine ambalo halikuandikwa popote, nalo ni ugumu wa skii yenyewe. Skii ya mtu mzima imetengenezwa ipindwe na uzito wa mtu mzima. Mtoto mwepesi akiilaza, kiuno chake hakibonyei hadi kugusa theluji, kama vile karatasi yako mezani kabla hujaibonyeza kwa kidole. Kwa hiyo hata ile R 19 hakuipata. Alisimama juu ya ncha na mkia, katikati kukiwa na mwanya, akiomba kona ambayo skii haikuwa na njia ya kumpa. Nadhani hili ndilo lililomponza zaidi kuliko upana, ingawa mwalimu wake anaulaumu upana kwanza.

Goti lilipopona, mdogo wangu alikwenda kwenye mojawapo ya vituo vya huko vinavyoazimisha watoto vifaa vya michezo bila malipo, jambo ambalo lilikuwapo tangu mwanzo na ambalo ushauri wangu ulimfanya alipite. Alipewa jozi yenye namba 109–70–95, R 11, urefu 140. Alinipigia jioni. Binti alikuwa ameteremka kilima kile kile mara nne, akikata kona kutoka upande mmoja wa njia hadi wa pili, na mara ya tano alikataa kushuka na mama yake kwa kuwa mama alikuwa mzito.

"Mjomba," akasema alipochukua simu, "ukiilaza kidogo tu, yenyewe inajua."

Msimu huu ni zamu ya mdogo wake wa kiume, mwenye miaka tisa. Juzi nilitumiwa picha mbili za skii za mitumba, bila salamu wala swali. Moja ilikuwa 64 katikati, nyingine 85. Nilirudisha maswali matatu: kimo cha mtoto, uzito wake, na theluji ya kilima chao Januari ni ya namna gani. Jawabu lilikuja baada ya saa nzima: "Kaka, hizi za 85 muuzaji amesema ni imara zaidi." Nikamwandikia amshukuru muuzaji na arudi kwenye kile kituo.

Zile pana hazikuuzwa. Zimesimama stoo, zimeegemea ukuta, na mpwa wangu amechora kimo chake kwa chaki kando yake. Anasema akizifikia atazipeleka mahali penye theluji ya unga, mbali na barafu. Katika picha ya mwisho aliyonitumia, kati ya mstari wa chaki na ncha ya skii zilikuwa zimebaki sentimita 14.